Kilo ya Gunia

Hosiana Ngassa hakuwa mwanamke wa kupandisha sauti. Pale Shinyanga mjini, waliomzoea walijua kwamba akikasirika hunyamaza, na akikasirika zaidi hukaa wima kwenye kiti kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Asubuhi ile ya Jumatano alikuwa amekaa hivyo mbele ya kompyuta yake, na skrini ilikuwa imejaa maandishi mekundu.

Klara, binti aliyemwajiri mara tu alipotoka chuoni, aliyaona akiwa kwenye meza ya pili.

"Imekataa tena?"

"Imekataa."

"Sasa inasemaje?"

"Inasema Java yetu ni mpya mno kwake."

Hilo halikumtisha. Programu ile mumewe, Athanas, aliiandika zamani kidogo, kwa lugha ya programu iitwayo Java na kwa kanuni za wakati huo, na Java ya sasa haikutaka hata kuzisikia. Hosiana aliweka Java ya zamani kando ya mpya, akaielekeza kompyuta itumie ile ya zamani, akaamuru maandishi yale yajengwe upya kuwa programu inayofanya kazi. Ikasogea mbele kidogo, ikasimama. Safari hii iligomea anwani ya ghala la mtandaoni ambalo vipande vya programu huchukuliwa, kwa kuwa anwani yenyewe ilikuwa ya mtindo wa kale usio na ulinzi. Akairekebisha. Ikashusha vipande kimoja baada ya kingine, majina yakapita haraka kwenye skrini, na Klara akaanza kutabasamu.

Kisha ikasimama tena, na safari hii Hosiana aliusoma mstari wenyewe mara mbili. Kipande kinachoitwa *uzito*, toleo la 1.4, hakikupatikana popote.

Aliilazimisha itafute upya, maana chombo kile cha kujengea, Maven, kikishakosa kitu mara moja hukariri kukosa kwake na hakihangaiki tena. Ikatafuta, ikakosa. Wala haikuwa ajabu. Kipande hicho hakikuwahi kuwekwa mtandaoni. Athanas alikitengeneza mwenyewe.

Hosiana na Athanas walikutana chuo kikuu, Dar es Salaam, wote wawili wakisomea kompyuta, yeye mtoto wa mwalimu na Athanas mtoto wa mkulima wa pamba kutoka Ushirombo. Wenzao walipotafuta kazi za benki, wao walirudi huku kwao, wakapanga vyumba viwili karibu na stesheni ya reli, wakaandika kibao mlangoni. Miaka ikaenda. Yeye alishika programu za shule na za zahanati. Athanas, aliyekua akilala juu ya marobota ya pamba, alishika za wakulima, na iliyompa jina ilikuwa ile ya mizani ya chama cha msingi cha nyumbani kwao. Mkulima anaweka mzigo, uzito unaingia kwenye kompyuta, stakabadhi inatoka. Kabla ya hapo karani aliandika alichotaka. Watu walimpenda Athanas kwa ajili hiyo. Alipofariki, mwaka juzi, walitembea umbali mrefu kuja kumzika.

Msimu huu watu walewale walikuwa wakisema ameacha programu inayoiba.

Ilianza na mkulima mmoja, Bujiku, aliyepima pamba yake kwenye mizani ya mashine ya kusaga kabla ya kuipeleka chamani. Chamani uzito ukapungua. Akarudia na mzigo mwingine, ukapungua tena. Neno likasambaa kituo cha kununulia pamba, likaenda sokoni, na Jumapili moja likamfikia mama mkwe wake Hosiana nje ya kanisa, akiwa bado na rozari mkononi. Mwenyekiti wa chama, mzee Benjamini, akabanwa na wanachama. Kompyuta ya kituo ikafungiwa kwenye kabati la chuma lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja wa mwenyekiti na mwingine wa Bujiku, mtu asije akaichezea. Kisha mzee Benjamini akapiga simu Shinyanga.

"Mama Agapiti, wanachama wanataka kuiona ikipikwa," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama walivyozoea. "Siyo ile iliyopoa kabatini. Uje Ijumaa na maandishi ya marehemu, uijenge mbele yao, tuipime. Ikishindikana kujengwa, wameshasema watachukua hiyo kuwa ndiyo jibu."

"Haitashindikana, mzee," Hosiana alimjibu.

Sasa ilikuwa imeshindikana.

"Dada," Klara alisema. Alikuwa amevuta kiti. "Msimbo wa *uzito* si tunao? Nimeuona kwenye diski."

"Tulionao ni wa toleo la 1.3."

"Basi tushushe toleo. Tubadilishe namba moja tu."

Hosiana alibadilisha namba. Programu ikajengeka, kimya, mpaka mwisho, bila hata neno moja jekundu. Klara akaipa majaribio: mzigo wa kilo hamsini, jibu hamsini. Arobaini na saba nukta nane, jibu lilelile. Haikupunguza hata punje.

"Umeona?" Klara alishusha pumzi. "Safi kabisa. Twende nayo hii. Marehemu anatoka mweupe, mama mkwe anarudi kukaa kiti cha mbele kanisani, na sisi tunakula kuku wa Ushirombo."

Hosiana alikuwa akitazama ile namba aliyoibadilisha. Programu iliyofungiwa kabatini ilijengwa kwa 1.4, na programu hii, yenye majibu mazuri hivi, haikuwa ile. Ilikuwa ndugu yake. Kwenda nayo kule ilikuwa kama mtu anayeitwa kituo cha polisi kutambuliwa akampeleka pacha wake. Lakini lililomsumbua zaidi lilikuwa swali jingine. Kama 1.3 ilipima vizuri namna hii, Athanas alitengeneza 1.4 kwa ajili gani?

"Klara, mtu akiulizwa kama ameiba, halafu kitu pekee kilichopotea kikawa ndicho cha kupimia, wewe ungefikiri nini?"

"Ningefikiri vibaya," Klara alikiri. "Ndiyo maana nasema wasijue kimepotea."

Jibu la mahali kilipo alilijua, na lilimkera kwa sababu yeye ndiye aliyekiachia. Maven huhifadhi vipande vyote kwenye folda iliyofichwa ndani ya kompyuta ya anayejenga. Athanas alikuwa na tabia mbaya moja ya kazi: kipande chake akikimaliza alikiweka humo tu, kwenye kompyuta yake mwenyewe, na kwa kuwa siku zote alijengea hapo, hakuna aliyegundua kwamba duniani kote kilikuwa mahali pamoja. Baada ya Athanas kufariki, Hosiana alinakili folda za kazi zote kwenye diski, kwa utulivu, kama msomi. Ile iliyofichwa hakuikumbuka. Halafu msiba ukafungwa, ndugu wakakaa kule Ushirombo kugawana vitu vya marehemu kama desturi inavyotaka. Koti likaenda kwa mjomba. Baiskeli ikaenda kwa binamu. Laptopu, kwa sauti ya mama mkwe mwenyewe, ikaenda kwa Wilbard, mdogo wake marehemu. Hosiana aliikabidhi kwa mikono miwili, watu wakamsifu kwamba hana roho ngumu.

Alhamisi asubuhi alipanda basi la kwenda Ushirombo. Toleo la 1.3 lilikuwa ndani ya mkoba wake, limejengwa, tayari.

Wilbard alikuwa na duka la steshenari mkabala na stendi, la kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuingiza nyimbo kwenye simu za watu. Alimwona shemeji yake akivuka barabara, akaanza kabla hajafika.

"Haya, tazameni mjini kumeshuka. Shemeji, mlinigawia laptopu mkasahau kunigawia mke. Ndiyo umekuja kurekebisha?"

Wateja wawili walicheka.

"Laptopu yenyewe umeijaza vumbi," Hosiana alisema. "Mke ungemweka wapi?"

Wakacheka zaidi, na Wilbard mwenyewe akapiga meza. Lakini Hosiana alipomweleza alichokifuata, uso wa shemeji yake ulibadilika. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha ile kompyuta, polepole, kama anayemtuliza ng'ombe.

"Unataka kuirudisha."

"Nataka kuitazama ndani."

"Kitu cha marehemu kikishatoka hakirudi, shemeji. Ukiondoka nayo hapa, kesho mama ataniuliza nimekosa nini mpaka kaka yangu ananyang'anywa mikononi mwangu mara ya pili."

"Sitaondoka nayo. Nitakaa hapahapa kwenye benchi lako."

Wilbard alimtazama. "Kuna fundi aliisafisha," alisema mwishowe. "Ilikuwa nzito."

Hosiana alimgeukia. "Aliisafishaje? Alifuta kila kitu?"

"Alitaka. Nikamkatalia, kwa sababu ya picha za kaka. Akanifungulia ukurasa wangu mwenyewe, ule wa kaka akauacha kando. Sijui vingine alivyofanya."

Alimpa kiti. Hosiana alifungua, akaenda kwenye sehemu ya watumiaji, akalikuta jina la Athanas bado lipo. Kompyuta iliuliza kama ana ruhusa ya kuingia. Wilbard, aliyekuwa amesimama nyuma yake akijifanya anapanga karatasi, alinyoosha kidole na kubofya ndiyo yeye mwenyewe. Hosiana aliamuru mafaili yaliyofichwa yaonekane. Folda ikajitokeza, rangi yake imefifia. Ndani yake majina mengi, na katikati ya majina, *uzito*. Matoleo manne. La mwisho lilikuwa 1.4.

Hakufurahi. Alichomeka diski yake, akanakili folda nzima, siyo kile kipande peke yake, maana alijua kipande bila karatasi zake za utambulisho Maven ingekigomea tena. Kisha akakifungua kwenye kompyuta yake kwa chombo kinachogeuza programu iliyokwisha kujengwa kuwa maandishi yanayosomeka. Maelezo ya mwandishi hayabaki yakigeuzwa hivyo. Yanabaki majina na hesabu.

Jina lilikuwa *toaGunia*. Hesabu yake ilikuwa fupi: uzito, toa kilo moja.

Aliisoma, akaisoma tena. Hapakuwa na sharti lolote mbele yake. Kila mzigo, wa kila mkulima, kilo moja.

"Umepata?" Wilbard aliuliza.

"Nimepata."

"Mbona umekaa hivyo?"

Alimgeuzia skrini, akamweleza kwa maneno machache. Wilbard hakuelewa Java, lakini kilo moja aliielewa. Alimwambia mteja arudi baadaye, akashusha turubai la mbele ya duka.

"Kwa hiyo kaka aliiba?"

"Sijui." Ilimuuma kulisema neno hilo kwa mdogo wa mumewe. "Programu inatoa kilo. Kwa nini inatoa, haisemi."

"*Toa gunia*," Wilbard alirudia. Alikaa. "Subiri. Mimi nilimbeba kaka kwa pikipiki, siku ya mvua, tukaanguka pale mtoni akaingia kikaoni na tope. Benjamini alimwambia. Nilikuwa mlangoni nakamua suruali. Alisema, Ngassa, watu wanatuuzia magunia ya katani kwa bei ya pamba, toa kilo ya gunia. Kaka akauliza kama wakulima wanajua. Akaambiwa wanajua, wamekubali."

Hosiana alimtazama usoni. Hakuwa mtu wa kutunga. Halafu akakumbuka kitu alichokiona dirishani akiwa ndani ya basi, bila kukitilia maanani: watu wakiipeleka pamba imefungwa kwenye mashuka.

"Magunia yameondoka lini?"

"Msimu huu. Walipiga marufuku, nyuzi zake zinaingia kwenye pamba. Sasa ni shuka tu, na shuka..." Alinyanyua karatasi moja ya kopi, akaiacha ianguke. "Halina uzito wowote."

Kwa hiyo kilo iliyokuwa halali ilikuwa imegeuka kuwa ya wizi, bila mtu kugusa kitu. Ila ushahidi wote ulikuwa mtu aliyekuwa mlangoni akikamua suruali, tena ndugu wa damu wa mtuhumiwa. Na kwenye mkoba wake lilikuwemo lile toleo safi, ambalo lingemaliza maneno yote kwa dakika chache. Angelipima mbele yao, angebadilisha ile ya kabatini kimyakimya, mkulima angepata kilo yake kuanzia kesho. Nani angeumia?

Alifikiri sana juu ya hilo, akiwa amelala kwa mama mkwe. Asubuhi Wilbard alimkuta uani akinawa uso.

"Unakwenda na ipi?"

"Ile ya mume wangu, yenye kilo."

"Basi na mimi nakwenda na laptopu yake," Wilbard alisema. "Niibebe mwenyewe."

Ghala la chama lilikuwa limejaa. Wanachama walisimama mpaka nje. Mzee Benjamini alikuwa kwenye meza, kofia magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Agapiti. Poleni na safari. Tuanze, jua lisije likatukalia."

Bujiku alikuwa mstari wa mbele, mtu mrefu mwenye koti la suti lisilo na kifungo. Hakumsalimia. Hosiana aliwasha kompyuta yake, akaeleza kwa Kiswahili chepesi atakachofanya, akaamuru programu ijengwe.

Mekundu.

Watu waliokuwa karibu waliiona rangi kabla ya kuelewa chochote, na minong'ono ikaanza kwenda nyuma. Hosiana aliinama asome. *Uzito* ilikuwa imepatikana. Kilichokosekana sasa ni kidude kidogo cha Maven yenyewe, cha kufungashia, ambacho kompyuta yake hii ya safari, tofauti na ile ya ofisini, haikuwahi kukishusha, na mle ghalani hapakuwa na intaneti.

"Inakataa," Bujiku alisema kwa sauti ya kawaida. "Inaona aibu mbele za watu."

Kicheko kikapita ghalani.

"Ng'wana Ngassa naye angeona," mtu wa nyuma aliongeza, akimtaja marehemu kwa Kisukuma, mtoto wa Ngassa.

Hosiana alikaa wima. "Shemeji, nipe intaneti ya simu yako."

Wilbard aliishika simu yake juu, kama anayeinua mshumaa, akaenda nayo mpaka kwenye dirisha ambako mtandao ulikuwa unafika. Kipande kikaanza kushuka, kikasita, kikashuka. Mzee Benjamini alikuwa akitazama kabati la chuma. Hosiana ndipo alipogundua kwamba mzee yule hakuwa anaombea ijengwe. Alikuwa anaombea ishindwe.

Maandishi ya kijani yakatokea: imejengeka.

Waliunganisha mizani na kompyuta yake, wakaweka juu yake mfuko wa saruji, haujafunguliwa. Kilo hamsini, kila mtu mle aliijua. Kwenye skrini ikaja arobaini na tisa.

Ghala likavuma. Bujiku aligeuka kuwatazama wenzake, akanyoosha mkono kuelekea skrini.

"Ndiyo," Hosiana alisema. Alisubiri mpaka wakamsikia. "Inatoa kilo moja kila mzigo. Mume wangu aliandika hivyo, na aliita jina lake: kilo ya gunia. Ingekuwa ya kuficha asingeiita kwa jina. Nilikuwa na toleo jingine kwenye mkoba huu ambalo halitoi kitu. Lingewapendeza. Lakini silo lililopima pamba yenu."

"Gunia lipi?" Bujiku aliuliza. "Mimi nimeleta shuka."

"Nakujibu kwa swali. Kilo hiyo, nani alimwagiza mume wangu aitoe?"

Hakumtazama mwenyekiti. Watu ndio walioanza kumtazama.

"Sikumbuki mambo ya zamani hivyo," mzee Benjamini alisema.

"Mzee, nilikuwa mlangoni," Wilbard alisema kutoka dirishani. "Nilikuwa na tope mpaka hapa. Ulinicheka."

"Ndugu wa marehemu anaweza kusema chochote."

"Kweli anaweza," Bujiku alisema. Alikuwa amekunja uso, siyo kwa Hosiana tena. "Lakini magunia ya katani nayakumbuka. Mlituambia yanakatwa kilo. Mimi mwenyewe nilinung'unika nikakubali. Mwenyekiti, mlipotuletea amri ya mashuka, ulimwambia nani airudishe hiyo kilo?"

Mzee Benjamini aliigeuza kofia magotini, upande huu, upande ule.

"Ngassa alishakufa," alisema hatimaye.

"Mkewe hajafa. Simu yake unayo. Umempigia juzi."

Mzee aliinamia kofia yake, na neno lilipotoka lilitoka dogo. "Nilimwambia mimi atoe. Ya kurudisha nilisahau. Walipoanza kulalamika nikaogopa."

"Ukamwachia maiti abebe," Bujiku alisema.

Hosiana angeweza kusema mengi. Alisema moja tu, kwa kuwa lilikuwa la kweli. "Na mimi hiyo programu ilibaki mikononi mwangu. Hakuna aliyeniambia kuhusu mashuka, lakini wala sikuja kuuliza."

Bujiku alimtazama, akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea chenji iliyotimia.

"Utatengeneza saa ngapi, mayu?" aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Sasa hivi. Kitakachotolewa kitaonekana kwenye stakabadhi, hata kama ni sifuri. Na kipande chenyewe nitakiweka mtandaoni, yeyote mtakayemtaka aweze kukijenga, hata kama mimi sipo."

"Fanya." Kisha Bujiku akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe, mzee wangu, utawaambia wanachama."

"Kwenye mkutano mkuu nita..."

"Habari za Ngassa hazikungoja mkutano mkuu. Watu wako nje. Twende."

Mzee Benjamini alivaa kofia yake, akavua, akatoka nayo mkononi. Wengi wakamfuata. Ghalani walibaki wachache, na Wilbard pale dirishani, simu bado juu.

Hosiana aliandika toleo la 1.5. Alikosea mstari mmoja, akaufuta na kuuandika tena. Kupitia bati la ukuta alisikia sauti ya mzee, kwanza haieleweki, halafu watu wakimwambia apandishe. Akapandisha. Lilisemwa jina lote, Athanas Ngassa, na baada ya jina, kwamba hakuiba.

Aliamuru programu ijengwe, akasubiri. Mlangoni mkulima mmoja alikuwa ameshaingiza shuka lake la pamba, akaliegemeza kwenye mizani.

"Tayari?" aliuliza.

"Bado kidogo, baba," Hosiana alisema. "Lisogeze karibu."